Joseph Whitworth: fundi aliyefanya bulo na ekru za mbali zipatane

Fundi wa maji anaponunua robine sokoni Goma, Bukavu ao Lubumbashi, haulizi sana ilitengenezwa nchi gani. Anaomba ya nusu inchi, ao kama alifundishwa kwa Kifaransa anaomba ya 15/21. Ni kitu kimoja. Robine inaweza kutoka China, tuyo ikatoka Uturuki, na kiungo kikatoka Italia. Fundi anazungusha mkanda wake mweupe kwenye meno, anakaza, vitu vinaingiana, na maji hayavuji. Kazi imekwisha, anaomba pesa yake.

Hakuna anayejiuliza kwa nini vitu vitatu vya nchi tatu vinapatana bila kuwa vimewahi kuonana. Kumbe meno ya ile tuyo yamechongwa kwa pembe ya digrii 55, na kwa saizi ya nusu inchi yako 14 katika kila inchi moja ya urefu. Ile pembe ya digrii 55 haikutoka mbinguni. Iliwekwa mwaka wa 1841 na fundi mmoja wa Manchester, Uingereza, jina lake Joseph Whitworth. Amekufa tangu mwaka wa 1887, lakini kila siku mikono ya mafundi inagusa kazi yake.

Mtoto aliyefiwa mama

Joseph Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika muji wa Stockport, karibu na Manchester. Baba yake, Charles, alikuwa mwalimu wa shule na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Sarah, alifariki mwaka wa 1814, wakati Joseph alikuwa bado na miaka 10. Nyumba ikavunjika. Joseph akatumwa kusoma mbali, katika kijiji cha Idle karibu na Leeds, na alipofika miaka 14 masomo yakasimama.

Jamaa wakamweka kwa mjomba wake, mwenye kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire. Mawazo ya wakubwa yalikuwa wazi: kijana ajifunze biashara, na kesho awe mmoja wa wakubwa wa kiwanda. Lakini Joseph hakupenda pamba. Alipenda mashini zinazoisokota. Kwa miaka kama minne alizitazama, akajifunza kila moja inavyofanya kazi, na jambo moja likamkera: zilikuwa zimetengenezwa vibaya. Vyuma vilisuguana pasipo sababu, mashimo hayakuwa sawa, na kila kitu kililazimishwa kwa tupa na nyundo mpaka kiingie.

Alipokuwa na miaka kama 18 aliondoka pale akaenda Manchester, akaanza kama fundi wa kawaida wa kulipwa. Aliacha nafasi ya kuwa bosi kesho ili leo achafuke mikono kwa mafuta. Mwaka wa 1825 alimuoa Frances Ankers, binti wa mtu wa mashua za mizigo, na mwaka uleule wakahamia London.

Shule ya London: Maudslay, Holtzapffel, Clement

Kwa kuelewa alichokikuta London, inafaa kujua kwanza meno ya bulo yalikuwa yanachongwa namna gani wakati ule.

Kifaa cha zamani zaidi kilikuwa bamba la chuma kigumu, bapa, lenye mpini upande mmoja ao miwili, na mashimo yaliyopangwa kwa mstari toka dogo mpaka kubwa. Kila shimo liliko na meno ndani. Fundi alishika fimbo ya chuma, akaipaka mafuta, akazungusha bamba juu yake kwa nguvu. Bamba hilo halikukata vizuri. Lilisukuma na kuminya chuma mpaka meno yatokee. Mafundi wa saa, wa bunduki na wahunzi waliitumia kwa karne nyingi. Kwa upande wa ekru, yaani meno ya ndani ya shimo, walitumia kijiti cha chuma kigumu chenye meno, ambacho mafundi wengi wa Congo wanakiita taro. Taro za zamani zilikuwa mara nyingi zimesuguliwa pande nne tu, na nazo ziliminya chuma kuliko kukikata.

Shida kubwa haikuwa kuminya. Shida ilikuwa kwamba kila atelye ilitengeneza bamba lake na taro zake. Hakukuwa na kipimo cha wote. Bulo ya fundi mmoja haikuingia katika ekru ya jirani yake wa mtaa uleule. Hata ndani ya mashini moja, bulo kumi za unene mmoja zingeweza kuwa na meno kumi tofauti. Mtu akifungua mashini, alipaswa kuweka alama juu ya kila bulo na kila ekru yake, kwa sababu zikichanganyika hazirudi tena. Na bulo ikivunjika mbali na ile atelye iliyoitengeneza, mashini nzima ilisimama.

Henry Maudslay, ambaye Whitworth alipata kazi kwake London, alikuwa ameanza kupigana na hali hiyo. Karibu mwaka wa 1800 Maudslay alitengeneza turu ya chuma inayochonga meno kwa mashini, si kwa mkono: kisu kinashikwa na chuma imara, na visi ndefu inakisukuma kwa mwendo usiobadilika. Ndani ya atelye yake yeye, Maudslay alitaka bulo zote za saizi moja ziwe na meno ya namna moja. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini nje ya mlango wake, kila mtu aliendelea na vyake.

Kisha Whitworth alifanya kazi kwa Holtzapffel, watengenezaji wa turu ndogo zilizosifika sana, na mwishoni kwa Joseph Clement. Clement alikuwa anatengeneza vipande vya mashini kubwa ya kupiga hesabu ya mwanasayansi Charles Babbage, kazi iliyotaka vipande vingi sana vilivyofanana kabisa. Yeye pia alikuwa na mawazo yake juu ya meno ya bulo na juu ya taro zenye mifereji ya kukata kweli. Kazi ya mashini ya Babbage ilisimama mwaka wa 1833, na haikumalizika kamwe. Mwaka huohuo Whitworth alirudi Manchester. Alikuwa na miaka 29, hakuwa na mali nyingi, lakini mikono yake ilikuwa imepita kwa walimu watatu ambao Uingereza nzima haikuwa na wenzao wengi.

Manchester: kwanza bapa, halafu kipimo

Alikodi chumba chenye nguvu ya mvuke, akaweka kibao cha kuwajulisha watu kwamba fundi wa vifaa kutoka London amefika. Alianza kutengeneza mashini za kutengenezea mashini: turu, mashini za kutoboa, za kuranda chuma. Wateja hawakukosa, sababu Manchester ilikuwa muji wa viwanda, na viwanda vilikuwa na njaa ya mashini.

Jambo la kwanza alilolionyesha hadharani halikuwa bulo. Mwaka wa 1840, katika mkutano wa wanasayansi huko Glasgow, alieleza namna ya kutengeneza uso wa chuma ulio bapa kweli. Mpaka wakati ule mafundi wengi walisugua mabamba mawili pamoja kwa unga wa kusagia. Matokeo yake hayakuwa sawa, kwa sababu unga unakula fasi moja kuliko nyingine.

Njia aliyoieleza ilihitaji mabamba matatu. Fundi anapaka moja rangi nyembamba, analiweka juu ya la pili, na pale rangi iliposhika njo pamenyanyuka. Anapakwangua kidogo, anajaribu tena. Mabamba mawili yanaweza kupatana hata kama moja limebonyea na lingine limevimba, kama bakuli mbili zinazoingiana. Lakini yakiwa matatu, na kila moja likipatana na mengine yote mawili, hakuna udanganyifu: yote matatu ni bapa. Kazi hiyo haihitaji mashini ya bei kali. Inahitaji subira, macho na mkono mtulivu. Mpaka leo wako mafundi wanaoifanya vilevile.

Baada ya bapa, kikaja kipimo. Whitworth aliamini kwamba fundi hapimi vizuri kwa kutazama mistari ya rula. Anapima vizuri kwa kugusa. Akatengeneza mashini ya kupimia ambayo moyo wake ni visi. Visi hiyo iliko na meno 20 kwa inchi, ikazungushwa na gurudumu la meno 200, na hilo likazungushwa na gurudumu lingine lililogawanywa mara 250. Mtu akizidisha 20 kwa 200 kwa 250 anapata 1,000,000. Kwa hiyo alama moja ya gurudumu la mwisho ilisogeza chuma kwa sehemu moja ya milioni ya inchi. Ilipoonyeshwa London mwaka wa 1851, katika maonyesho makubwa ya dunia, watu walishangaa. Aliyekuwa akichukia mashini mbovu za pamba sasa alikuwa anapima kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Mwaka wa 1841: bulo zakusanywa

Kati ya bapa na mashini ile ya kupimia, alifanya kazi iliyobakisha jina lake. Wengine wangeanza kwa kuchora meno mazuri kwenye karatasi, kisha kuwalazimisha watu. Whitworth alifanya kinyume. Alikusanya bulo kutoka atelye nyingi kubwa za Uingereza, akazipima moja moja. Alihesabu meno kwa inchi, akapima pembe, akapima kina. Halafu akatafuta wastani.

Huo ulikuwa ujanja wa amani. Kama angechukua kipimo cha atelye moja, zingine zote zingekasirika. Kwa kuchukua wastani, hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa, na kila mmoja alipaswa kubadilisha kidogo tu.

Mwaka wa 1841 alipeleka pendekezo lake mbele ya chama cha wahandisi mjini London. Pembe ya meno ikawa digrii 55 kwa saizi zote. Kichwa cha jino na shina lake vikaviringishwa, vikawa mviringo, ili meno yasimegeke na bulo isikatike kwa urahisi. Na kila unene ukapewa hesabu yake ya meno: bulo ya robo inchi meno 20 kwa inchi, ya nusu inchi meno 12, ya robo tatu meno 10, ya inchi moja kamili meno 8. Kadiri bulo inavyonenepa, meno yanakuwa machache na makubwa.

Serikali haikutoa amri, na hakuna polisi aliyepita kwenye atelye. Kilichowavuta watu ni kwamba Whitworth mwenyewe aliuza taro na vifaa vya kuchongea vilivyofuata hesabu hiyo, na vilikuwa vizuri kuliko vya wengine. Kampuni za reli zikaelewa haraka, maana treni inavunjika mbali na nyumbani kwake. Baada ya miaka kama 20 tu, bulo ya Whitworth ilikuwa bulo ya karibu Uingereza yote.

Faida ilionekana wakati wa vita vya Crimea, katika miaka ya 1850. Jeshi la maji lilihitaji kwa haraka injini kwa ajili ya mashua 90 za mizinga. Kazi ikagawanywa: vipande vya mfano vikapelekwa kwenye atelye mbalimbali, kila moja ikatengeneza sehemu yake, na mwishoni vikaunganishwa. Miaka 20 nyuma, jambo hilo lingeleta rundo la vyuma visivyopatana.

Namna vifaa vya zamani vinavyotaja umri wao

Kazi ya Whitworth iliacha alama nyingine, ambayo wanaokusanya vifaa vya zamani, na mafundi wanaorithi sanduku la babu, wanaitumia mpaka leo. Kifaa cha kuchongea meno mara nyingi hakiandikwi mwaka. Lakini mtu akijua historia hii, anaweza kukikadiria.

Bamba bapa lenye mashimo ya mstari, bila mifereji ya kutolea vumbi la chuma, bila saizi inayoeleweka, ao lenye namba ambazo hazilingani na inchi wala milimita, linatoka katika desturi ya kabla ya kipimo cha wote. Lakini hapa panahitajika uangalifu: mafundi wa saa na wa vito waliendelea kutumia bamba hizo muda mrefu baada ya 1841. Umbo peke yake halitoshi.

Kifaa chenye mikono miwili na vipande viwili ao vitatu vya kukatia katikati, vinavyosogezwa kwa visi ili kukaza polepole, ni cha kizazi kinachofuata. Whitworth mwenyewe alitengeneza aina yake: kipande kimoja kinaongoza bulo, na vingine vinakata. Aina ya mviringo ambayo vijana wanaijua leo, ile filieri ndogo kama sarafu nene yenye mashimo kandokando, ilienea baadaye.

Halafu kuna maandishi. Kifaa kilichopigwa alama ya sehemu za inchi na jina la Whitworth hakiwezi kuwa cha kabla ya 1841. Herufi BSW zinakileta mpaka karne ya 20, wakati kamati ya viwango ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1901, ilipokifanya kipimo hicho kuwa cha taifa. BSF, yenye pembe ileile ya 55 lakini meno madogo zaidi, ilikuja mwaka wa 1908. Alama za chuma kigumu cha kukatia kwa mwendo mkali, ile HSS, hazikuwezekana kabla ya mwisho wa karne ya 19. Na herufi UNC ao UNF zinaonyesha kifaa kilichotengenezwa baada ya mapatano ya 1948.

Alama hizo zote zinasema jambo moja tu: kifaa hiki si cha kabla ya mwaka fulani. Hazisemi kwamba si cha baadaye, kwa kuwa usini zinapenda kurudia umbo lilelile kwa miaka mingi. Anayetaka ukweli anahesabu pia meno. Bulo ya nusu inchi yenye meno 12 na vichwa vya mviringo ni ya Whitworth. Yenye meno 13 na vichwa bapa ni ya Marekani.

Bunduki iliyokataliwa

Fundi huyo hakubaki kwenye bulo tu. Mwaka wa 1854 serikali ya Uingereza ilimwomba atengeneze mashini za kuzalisha bunduki za Enfield kwa wingi. Whitworth alijibu kwa namna yake: kabla ya kutengeneza mashini, lazima kujua bunduki nzuri ni ipi. Serikali ikamjengea nyumba ndefu ya kupigia risasi, kama mita 450, karibu na nyumba yake pale Manchester. Upepo mkali ukaiangusha, ikajengwa tena.

Alitoka na bunduki yenye tundu la pembe sita, jembamba kuliko la Enfield, ambalo linaizungusha risasi mara moja katika kila inchi 20, wakati Enfield iliizungusha mara moja katika inchi 78. Katika majaribio ya mwaka wa 1857 ilishinda mbali. Mwaka wa 1860 Malkia Victoria mwenyewe alivuta kamba ya bunduki hiyo, ikiwa imefungwa juu ya chuma, na kutoka yadi 400 risasi ikagonga karibu kabisa na katikati ya shabaha.

Lakini jeshi liliikataa. Ilikuwa ya bei kali, na tundu lake jembamba lilijaa haraka uchafu wa baruti. Ikauzwa kwa wengine. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini liliwapa walenga shabaha wake idadi ndogo ya bunduki hizo. Tarehe 9 Mei 1864, katika mapigano ya Spotsylvania, Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini aliuawa na risasi iliyotoka mbali sana, na watu wengi wanasadiki kwamba ilitoka katika bunduki ya Whitworth.

Njo sehemu ngumu ya maisha yake. Akili ileile iliyotafuta kupatanisha bulo za mafundi wote ilitumika pia kufanya kuua kuwe kwa uhakika zaidi. Baadaye alitengeneza mizinga, akatafuta namna ya kukandamiza chuma cha pua kikiwa bado cha moto na maji, ili kisibaki na matundu ya hewa ndani. Chuma hicho kilifaa mizinga, na kilifaa pia mhimili wa meli. Yeye mwenyewe alitajirika kwa vyote.

Mpinzani kutoka ng'ambo

Mwaka uleule wa 1864, mtengenezaji mashini William Sellers alisimama mbele ya mafundi wa Philadelphia na kukosoa kazi ya Whitworth. Alikubali kwamba kipimo cha wote ni kizuri. Lakini, kwa maoni yake, pembe ya digrii 55 ni ngumu kuipima, na vichwa vya mviringo ni vigumu kuvichonga bila fundi hodari na vifaa vya pekee. Alipendekeza digrii 60, ambayo ni pembe ya pembetatu yenye pande sawa, na vichwa vilivyokatwa bapa.

Marekani ikamfuata Sellers. Ulaya ya bara nayo ikaja na hesabu ya milimita: mwaka wa 1898, katika mkutano wa Zurich, nchi kadhaa zilikubaliana juu ya meno ya milimita yenye pembe ya digrii 60. Hivyo mtu aliyetaka bulo za wote zipatane akawa, baada ya kufa, upande mmoja wa mgawanyiko mpya.

Mgawanyiko huo uligharimu sana. Katika vita vya pili vya dunia, Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja, lakini ekru ya mmoja haikuingia kwenye bulo ya mwingine. Vipuri vya kila upande vilipaswa kusafirishwa peke yake. Mwaka wa 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikatia sahihi mapatano ya meno ya pamoja, na pembe iliyochaguliwa ilikuwa 60. Polepole, hata Uingereza ikaiacha bulo ya mwana wake.

Pesa kwa vijana wa kazi

Frances alifariki mwaka wa 1870, na mwaka uliofuata Whitworth akamuoa Mary Louisa Orrell, aliyekuwa mjane. Hakuacha mtoto. Tayari, mwaka wa 1868, alikuwa ametoa pauni 100,000 ili vijana wasome uhandisi: nafasi 30, kila moja pauni 100 kwa mwaka. Sharti lake lilimfanana. Kijana hakupaswa kujua vitabu peke yake. Alipaswa kuonyesha pia kwamba mikono yake inajua tupa, turu na nyundo. Na fundi wa mikono alipaswa kujua hesabu. Aliyekatishwa masomo akiwa na miaka 14 alijua kinachokosekana kwa kila upande. Msaada huo unaendelea kutolewa mpaka leo.

Mwaka wa 1869 alipewa cheo cha heshima na taji la Uingereza, akaitwa Sir Joseph. Mwaka wa 1874 kazi yake ikawa kampuni yenye hisa, na baadhi ya wafanyakazi wakapata sehemu. Alifariki tarehe 22 Januari 1887 huko Monte Carlo, alikokuwa amekwenda kutafuta hali ya hewa nzuri, akiwa na miaka 83. Mwili wake ulirudishwa kuzikwa Darley Dale, katika Derbyshire, jimbo lile alilolikimbia akiwa kijana. Mali yake ilitumika kwa shule, hospitali na jumba la sanaa la Manchester ambalo bado lina jina lake. Miaka kumi baadaye, kampuni yake iliunganishwa na ya mshindani wake wa mizinga, William Armstrong.

Kilichobaki

Mizinga yake iko katika majumba ya makumbusho. Bulo zake ziko katika mashini za zamani: katika vichwa vya treni vya mvuke vya reli za Waingereza, katika Land Rover za kwanza, katika vinu vikongwe ambavyo fundi akivifungua kwa kle za milimita anakuta hakuna hata moja inayokaa vizuri. Njia ya reli iliyotoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910 ilikuwa ya kipimo cha Waingereza, upana wa futi 3 na inchi 6. Kwa hiyo atelye za Katanga zimejua inchi tangu mwanzo, pamoja na milimita za Wabelgiji.

Fundi anayekuta bulo ya namna hiyo asiilazimishe. Ekru ya milimita inaweza kushika mizunguko miwili, fundi akadhani imekubali. Akikaza, meno yanakufa pande zote mbili. Kwanza ahesabu meno katika inchi moja, ao santimita 2 na nusu hivi. Halafu atazame kichwa cha jino, kama ni mviringo ao bapa. Hapo atajua anashughulika na nani.

Na kwenye tuyo za maji, Whitworth hajashindwa. Mapatano ya 1948 hayakuyagusa meno ya mabomba, na nchi nyingi za dunia, hata zile zinazopima kila kitu kwa mita, zilibaki na digrii 55. Wafaransa waliita 15/21, Wabelgiji na Wakongo wakazoea kusema nusu inchi, na jino likabaki lilelile. Leo, mama anapofungua robine asubuhi na maji yakatoka bila kuvuja ukutani, kuna visi ndogo pale ndani inayofuata hesabu ya yule mtoto wa Stockport.